Watoto wa Vijiji: Habari za Waliolelewa Nachingwea na Ruangwa

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuanza na majina ya Maaskofu na Mapadre waliotutangulia, na miaka waliyofika, na makanisa waliyoyajenga. Desturi hiyo ni njema, wala sitaki kuivunja. Lakini mimi nimeombwa kuandika habari za watu waliolelewa vijijini, nami naomba ruhusa yenu nianze na kaburi moja.

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, fundi alikuja kuniuliza maneno ya kuandika katika msalaba. Jina lake tulikuwa nalo. Siku ya kufa kwake tulikuwa nayo. Mwaka wa kuzaliwa hatukuwa nao. Mjomba wangu mmoja alisema 1930, mwingine akasema 1945, na mama mdogo akasema ya kwamba mama yake hakuwahi kuuliza jambo hilo, maana haikumpasa. Nami ndimi katekista, mtu wa kushika madaftari. Nimewaandikia watu wengi habari za ubatizo na ndoa na maziko. Lakini habari ya bibi aliyenilea sikuijua. Nikaona haya mbele ya fundi yule, nikamwambia arudi kesho.

Basi, jambo hili lilinifundisha ya kuwa habari za nchi na habari za watu wa vijijini hazikai mbalimbali. Miaka ya mambo makubwa imeandikwa vitabuni. Miaka ya watu wetu imefungwa ndani ya mambo hayo, kama punje ndani ya suke. Mtu asiyejua la kwanza hataweza kulipata la pili. Kwa hiyo nataka kuwapitisha katika utoto wa watu wa vizazi vinne au vitano vya nchi hii, tuone ni mambo gani waliyoyaona wangali wadogo, kisha nirudi kwa fundi na msalaba wake.

Kwanza, njia ya Kilwa. Nchi hii ya Wamwera, iliyo kati ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, ilikuwa jirani na njia za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda pwani, na hasa Kilwa Kivinje. Mtoto wa siku zile alilelewa kwa hofu. Aliagizwa asiende kisimani peke yake, wala asimfuate mtu amwitaye kwa jina asiyemfahamu. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alifanya mapatano na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kwa nchi kavu biashara iliendelea muda mrefu baada ya hapo.

Katika watoto waliochukuliwa alikuwamo mtoto mmoja Myao ambaye baadaye aliitwa Cecil Majaliwa. Alifikishwa Unguja, akakombolewa, akalelewa na wamisionari wa UMCA, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza, akasoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kwa mfalme wa Wayao aitwaye Nakaam, na mwaka 1890 akapewa ukasisi. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa kasisi katika misioni ile. Mtoto aliyechukuliwa hana lolote alirudi kusini kuwa mchungaji wa watu wa kabila lake.

Jirani zetu wa Masasi nao wanayo habari kama hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akafika nao Masasi, wakajenga kijiji chini ya milima ile ya mawe. Mwezi wa Septemba 1882 Wagwangwara walikishambulia kijiji hicho, wakaua watu, wakachukua wengine mateka. Fikirini, ndugu zangu: wako waliokuwa wamekwisha kuwa watumwa mara moja, wakakombolewa, na sasa wakachukuliwa mara ya pili.

Nataja habari hizi kwa sababu wazee wetu hawapendi kuzitaja. Katika vijiji vyetu hata leo ni matusi makubwa kumwambia mtu ya kuwa bibi yake alikuja kwa kununuliwa. Kwa hiyo jamaa nyingi zimenyamaza, na kimya hicho kimekula majina ya watu. Lakini katika msingi wa Kanisa la kusini wamo watu hao walionunuliwa na kukombolewa. Kama sisi twaona haya kwa ajili yao, basi twaona haya kwa ajili ya mawe ya nyumba yetu wenyewe.

Pili, vita vya Maji Maji. Wabenedikto walifungua misioni ya Lukuledi mwaka 1895, na ya Nyangao mwaka 1896. Wakati huohuo serikali ya Wadachi ilizidi kukaza mkono wake. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, nayo ilikuwa rupia tatu. Asiyekuwa na rupia alitakiwa kufanya kazi. Wakaja maakida na askari. Na upande wa pwani ya kusini wakaja na mashamba ya pamba, ambayo watu walilimishwa kwa nguvu na kupata malipo ya kudharauliwa. Mwezi wa Julai 1905 vita vilianza katika milima ya Umatumbi, na maji ya dawa yakaenea upesi sana kutoka kijiji hata kijiji. Watu waliambiwa ya kuwa risasi zitageuka maji.

Tarehe 14 Agosti mwaka ule Askofu Kasiani Spiss aliuawa katika nchi ya Liwale, yeye pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Kabla ya mwezi ule kwisha, misioni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa na kuchomwa moto. Wamisionari wa Nyangao walikimbilia Lindi. Sista Walburga Diepolder hakufika, aliuawa njiani.

Mimi nalisoma habari hizi nikiwa kijana katika shule ya misioni. Kitabu kilisema ya kuwa waasi walichoma nyumba ya Mungu. Nilihuzunika sana, na nilipokwenda nyumbani kwa likizo nikamsimulia bibi maneno yote kama nilivyoyasoma. Bibi alikuwa akipepeta mtama. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaweka ungo chini, akasema:

“Mjukuu wangu, hao waasi uliowasoma, mmoja alikuwa babu yangu.”

Nikamwuliza, “Bibi, ulijuaje?”

Akasema, “Mama aliniambia. Siku ile baba yake alipoondoka, yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Naye aliambiwa na mama yake. Sasa nawe umeambiwa. Nyamaza.”

Kwa muda mrefu nalinyamaza. Lakini siku nyingine, kidogo kidogo, bibi alinieleza yaliyobaki. Babu yake alikuwa mkulima, wala hakuwa na ugomvi na Padre yeyote. Alikuwa amepigwa viboko kwa ajili ya kodi, mbele ya wakwe zake. Na mwanamume wa Kimwera akaaye kwa wakwe, aibu hiyo hawezi kuibeba. Maji yalipofika aliyanywa, akaenda na wenziwe. Hakurudi, wala hakuna aliyejua alipoangukia. Kisha ikaja njaa, maana askari wa serikali walichoma maghala na mashamba ili watu wajisalimishe. Mkewe alimlea mtoto yule kwa ming'oko ya porini. Wako wataalamu wa historia wanaokadiria ya kuwa waliokufa katika vita vile na njaa yake katika nchi nzima walizidi 250,000. Na walio wengi walikufa kwa njaa.

Sasa sikieni jambo lililonipata baada ya miaka mingi. Nalikuwa nikitafuta habari katika daftari la zamani la ubatizo, nikakuta mstari wa mama yake bibi, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Jina la ubatizo lilikuwapo, na jina la msimamizi, na tarehe. Na palipoandikwa “jina la baba” palikuwa na jina la mjomba wake. Nikaelewa mara moja. Bibi alikuwa ameniambia ya kuwa mama yake alichelewa kubatizwa miaka mingi, ingawa aliyapenda mafundisho, kwa sababu alijua ataulizwa jina la baba yake. Aliogopa ya kuwa mtu akilisikia jina lile atasema, Huyu ni mtoto wa yule aliyechoma. Mwisho alimtaja mjomba. Kwa desturi yetu Wamwera hakusema uongo mkubwa, maana kwetu ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Lakini alijua moyoni alichokifanya, naye akamwambia binti yake.

Ndugu wapendwa, katika jubilei twawakumbuka waliouawa kwa ajili ya imani, na ni haki tuwakumbuke. Damu yao haikumwagika bure. Lakini twawakumbuka kana kwamba waliowaua walitoka nchi nyingine, kisha wakatoweka. Hawakutoweka. Walikuwa baba zetu na wajomba zetu; na watoto wao ndio waliojaza makanisa ya Nyangao na Lukuledi yalipojengwa tena, na baadaye Ndanda iliyoanzishwa mwaka 1906, na Mnero upande wa Nachingwea. Wako kati yetu tunaokula mkate mmoja ambao mababu zetu walisimama pande mbili za moto ule. Sidhani kwamba Mungu atachukizwa tukisema hivyo wazi. Nadhani mama yule angebatizwa mapema kama mtu mmoja tu angalimwambia, Taja jina la baba yako, usiogope.

Sijafuta neno katika daftari lile, wala haifai kulifuta. Lakini nimeandika jina la kweli katika daftari letu la nyumbani. Hapa silitaji, kwa kuwa si langu peke yangu. Wajukuu wake ni wengi.

Tatu, vita vya Wadachi na Waingereza. Haikupita miaka kumi na miwili, moto ukawaka tena. Tarehe 19 Julai 1917 walipigana Narung'ombe, ambayo leo ni kata ya Ruangwa. Ruponda, iliyo katika Nachingwea, ilikuwa ghala la chakula na vifaa vya Wadachi hata Waingereza walipoitwaa mwezi wa Oktoba. Na kwa siku nne, tangu tarehe 15 hata 18 Oktoba, walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika mapigano makali kuliko karibu yote yaliyopiganwa katika Afrika ya Mashariki wakati ule. Mwezi wa Novemba jemadari Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia nchi ya Wareno.

Mama yake bibi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Alichokikumbuka kilikuwa wapagazi. Alisema walipita siku nyingi, weusi wote, wamefungasha mizigo vichwani, na miguu yao imevimba. Na wengine walikaa chini kando ya njia wasiinuke tena. Askari wa pande zote mbili walichukua mtama na kuku, na wanaume wa kijiji walichukuliwa kubeba. Kwa hiyo wasichana walilala porini. Baada ya vita ikaja homa kuu ya 1918, ikawamaliza wengi waliosalimika. Wakubwa waliopigana wamesimamishiwa makumbusho. Mpagazi wa Kimwera aliyekufa kando ya njia ya Mahiwa hana hata jiwe.

Nne, karanga. Hapa nafika utoto wa bibi mwenyewe. Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 serikali yake ikakusudia kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, katika ekari zipatazo 3,210,000, na sehemu kubwa katika nchi yetu ya Tanganyika. Mahali palipochaguliwa hapa kwetu ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Nachingwea ilichelewa, kwa kuwa hapakuwa na bandari wala reli. Sharti vyote viwili vijengwe. Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949, na bandari ya maji makubwa ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954.

Bibi alisimulia ya kuwa kabla ya kuona tingatinga walilisikia. Ardhi ilitetemeka, na wazee wakadhani ni tetemeko. Kisha wakaona miti inalala chini kama mabua. Miti ambayo watu walitambika chini yake, na miti waliyoning'iniza mizinga ya nyuki, yote iling'olewa kwa siku chache. Vijana walifurahi, maana palikuwa na mishahara; walikuja watu wa makabila mengi, na Nachingwea ikawa mji. Wazee walisema, “Ardhi hii haijaulizwa.”

Nao hawakukosea. Waliopanga kazi ile hawakuwa wamejaribu udongo wala kupima mvua kwa miaka ya kutosha. Mashine nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika vitani, zikavunjika. Mvua zilikosekana, mavuno yakawa haba. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa mpango ule umekwisha, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Mkulima wa Kimwera aliyekuwa akipanda karanga na njugu mawe kwa jembe la mkono, katikati ya mtama na mihogo, hakuna aliyemwuliza lolote. Na reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Leo kata moja ya Nachingwea yaitwa Stesheni, na mtoto akiuliza treni iko wapi, hakuna wa kumwonyesha.

Tano, uhuru na vijiji. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 Jimbo la Nachingwea likazaliwa, ambalo tangu mwaka 1986 laitwa Jimbo la Lindi. Katika miaka hiyo ya 1960 vita viliwaka ng'ambo ya Ruvuma. Wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa kambi ya mafunzo Nachingwea tangu mwaka 1965, katika mashamba yaleyale yaliyosafishwa kwa ajili ya karanga, na Samora Machel alikuwa mkuu wao. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Hivyo ardhi ile iliyokataa kutoa karanga ilitoa kitu kingine, ambacho waliong'oa miti hawakukipanga.

Mama yangu alikuwa msichana siku hizo. Jambo analolikumbuka kuliko yote ni kuhama. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa watu wote wa mashambani sharti wakae katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kusini wengi walikuwa wamekwisha kukusanyika mapema, hasa waliokuwa karibu na mpaka, kwa sababu ya vita vya Wareno. Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya mikorosho yake, na makaburi ya mama yake na ndugu zake yalikuwa hapo. Lori lilikuja asubuhi. Wakapakia kinu, mchi, mitungi, kuku, na milango ya nyumba. Mama husema ya kuwa bibi hakulia. Aliingia katika mikorosho, akaigusa mmoja mmoja, akarudi, akapanda lori.

Haifai kusema ya kuwa kijiji kilikuwa kibaya tu. Mama yangu aliandikishwa shule kwa sababu shule sasa ilikuwa karibu. Bibi mwenyewe alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, naye alikuwa amepita miaka thelathini. Kitabu cha kwanza alichokisoma peke yake kilikuwa kitabu cha sala. Zahanati ilijengwa, na kisima kikachimbwa. Lakini mikorosho iliachwa mbali. Magugu yakaota, moto ukapita, ugonjwa wa ubwiri unga ukaishika, na bei nayo ikawa ndogo. Korosho za nchi yetu zilizokuwa tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 zilipungua hata zikawa chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mimi nilizaliwa wakati huo wa upungufu. Nalivaa kaptula moja kwa miaka miwili, na daftari langu la shule nililishonea kurasa kutoka madaftari ya kaka zangu. Bibi alirudi kwa miguu kila msimu kwenye mikorosho yake, akapalilia michache aliyoiweza. Ada yangu ya shule ya misioni ilitoka katika mikorosho hiyo.

Basi, hiyo ndiyo njia tuliyotoka. Ruangwa nayo, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea, ilifanywa wilaya peke yake katika miaka ya 1990. Wako watoto wa vijiji vya kusini waliopanda juu sana. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, katika Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, akawa Rais wa tatu wa Tanzania tangu 1995 hata 2005. Aliandika maisha yake katika kitabu kilichotolewa mwaka 2019, na mwaka uliofuata, tarehe 24 Julai, akafariki, akazikwa Lupaso. Kassim Majaliwa, aliyezaliwa Ruangwa mwaka 1960, alianza kwa kuwa mwalimu wa shule, akawa Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 hata Novemba 2025. Watu hao hawatasahauliwa, maana wameandika au wameandikwa. Lakini mwanamke aliyeponda mtama, akalea watoto saba, akahamishwa, akapalilia mikorosho yake kwa mbali, nani atamwandika kama si ninyi mnaoketi karibu naye?

Kwa hiyo, walimu wenzangu, naomba niwape mashauri machache niliyojifunza kwa kukosea.

Msimwulize mzee, “Ulizaliwa mwaka gani?” Atanyamaza, au atataja mwaka wowote ili kuwaridhisha. Mwulizeni, “Ulikuwa wapi lori lilipokuja kuwahamisha? Ulikuwa umekwisha kuchezwa unyago? Ulikuwa umeolewa? Mtoto gani alikuwa mgongoni?” Kwa mzee zaidi mwulizeni habari za treni. Akijibu hayo, mwaka wenyewe utajitokeza.

Mwulizeni mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake. Madaftari yetu huuliza baba kwanza. Lakini katika nchi hii nyuzi ndefu za ukumbusho zimeshikwa na akina mama.

Ulizeni majina yote. Mtu aweza kuwa na jina la utotoni, na jina alilopewa jandoni au unyagoni, na jina la ubatizo, nayo yote ni yeye mmoja.

Tena, mzee akiwaambia jambo la siri, msikimbie nalo. Mwombeni ruhusa. Bibi yangu aliniambia ninyamaze, nami nilinyamaza hata mwaka wa mwisho wa maisha yake. Ndipo nilipomwomba, naye akanijibu, “Sasa waweza kusema. Walioogopa wamekwisha kufa, na mimi sioni tena sababu ya kuogopa.” Kama asingalisema hivyo, msingalisoma maneno haya.

Sasa narudi kwa fundi. Usiku ule wa matanga nalikumbuka ya kuwa bibi alipenda kusimulia siku alipopelekwa na mjomba wake kuiona treni ya kwanza Nachingwea. Alisema alikuwa hajachezwa, lakini alikuwa amekwisha kupewa mtungi wake mdogo wa kutekea maji, na siku ile mjomba alimbeba mabegani ili aone juu ya vichwa vya watu. Nikawauliza wazee waliokuwapo: mtoto wa kike aliyepewa mtungi wake mwenyewe, lakini bado aweza kubebwa mabegani na mjomba, ana umri gani? Wakashauriana kidogo, wakasema, “Miaka tisa, kumi.” Treni ilifika mwaka 1949.

Asubuhi fundi aliporudi nalimwambia aandike 1939. Wajomba zangu wote wawili walikubali, na mama mdogo akasema, “Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, nasi hatukuwahi kumwuliza.”

Katika vigango vyenu wako wazee ambao msalaba wao haujaandikwa bado. Jumapili hii baada ya ibada, kaeni nao kivulini, mkachukue daftari na kalamu. Mungu awabariki wao, nanyi pia.